Jumanne Ndefu ya Mlangobahari

Mwenye kukaa na akae, na mwenye kutaka kucheka acheke taratibu, maana kuta zetu ni nyembamba. Ilikuwapo nchi moja ambayo sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Ni kwamba katika nchi ile majina yalikuwa yamekwisha.

Yalikwisha hivi. Kiongozi wetu, Baba Mlezi, alipendwa sana, na Wizara ya Majina ilipewa kazi ya kuonyesha jinsi anavyopendwa. Ikaanza na barabara kuu, ikaiita Barabara ya Baba Mlezi. Ikaenda kwenye hospitali, masoko, shule, madaraja na visima, hata ule mfereji wa nyuma ya machinjio. Kufikia mwaka wa saba hakikubaki kitu. Tarishi wa mtaani kwetu akipewa barua ya nyumba namba nne, Mtaa wa Baba Mlezi, Wilaya ya Baba Mlezi, alikuwa na nyumba namba nne mia tatu za kuchagua. Mtu mwema yule. Alizunguka nazo zote, akazisoma kwa sauti mlangoni, na aliyeitambua habari yake aliipokea. Mara nyingine mtu alipokea barua ya msiba usio wake, akaulilia vizuri, kisha akaipitisha kwa jirani.

Basi Wizara ikawa haina kazi. Naibu Waziri wa Majina, Mheshimiwa Sangoda, alikuwa mtu mnene kiasi, mwenye upara, mpole wa kuomba radhi kwa kiti kabla ya kukikalia. Katibu Mkuu wa Ikulu akamwita.

"Sangoda, miezi mitatu ijayo Baba Mlezi anamaliza muhula wake. Mmemwandalia nini cha kumuaga?"

"Mheshimiwa, vitu vimekwisha."

"Tafuteni vingine."

Kweli muhula ulikuwa unakwisha. Baba Mlezi mwenyewe aliapa uwanjani, mbele ya watu: "Jua likizama Alhamisi ya mwisho wa mwezi ule, nami nimeondoka nalo. Sitaongeza hata siku moja!" Watu walilia. Yeye pia alilia, na wasaidizi wake wakalia zaidi kuliko wote, maana wao walikuwa hawajaambiwa mapema.

Mheshimiwa Sangoda akarudi ofisini amekata tamaa. Akavuta droo ya meza atafute kalamu, na chini ya droo akaona karatasi kuukuu iliyotandikwa kuzuia mende. Ilikuwa ramani ya dunia. Kule chini kabisa, kwenye ncha ya kusini ambako nchi ni barafu tupu, palikuwa na visiwa viwili, na kati yake njia nyembamba ya bahari. Pembeni pake palikuwa pameandikwa neno moja: *Haujapimwa*.

Mlangobahari usiopimwa, usio na jina, usio na mwenyewe. Naibu Waziri aliibusu ile ramani pamoja na vumbi lake.

*

Mimi niliingia safarini kwa sababu ya sheria. Sheria ya Majina, kifungu cha tisa, ilisema kila kitu kitapewa jina kama mtoto anavyopewa: siku ya saba, bibi atalinong'ona jina sikioni mwa mwenye kupewa, kabla watu hawajalisikia. Nilikuwa nikiuza maandazi kwenye lango la wodi ya wazazi, na kwa miaka mingi wazazi wasio na mama zao karibu waliniomba niwanong'onee watoto wao. Wizara ikanichukua. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Daraja halirushi miguu.

Kifungu cha kumi kilikuwa cha siku. Sisi, kama mjuavyo, huhesabu siku kutoka jua kuzama hadi jua kuzama. Sasa mawingu yakiwa mazito, nani atasema jua limezama? Sheria ikasema: bibi atatia uzi kwenye tundu la sindano hadharani. Akiweza, bado ni mchana. Akishindwa, jua limezama, siku imekwisha. Kwa hiyo kila niendako na Wizara nilikuwa na sindano, uzi mweusi, na miwani yangu.

Tukaondoka kwa meli ya kukodi. Orodha ya vitu vya safari ilikuwa ileile ya kuzindulia visima, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imeshapigwa mhuri. Tulipakia mahema mawili ya kivuli, viti mia vya plastiki, vipaza sauti, picha kubwa ya Baba Mlezi, na katoni sitini za maji baridi ya kunywa. Makoti hayakuwamo, maana visima huzinduliwa kiangazi.

Aliyetuokoa ni Tunu Mwakitwange, mpima ramani wetu. Binti mwembamba, mkavu wa maneno. Alikuwa amesoma kuhusu huko tuendako, jambo ambalo Wizara haikumwagiza, akanunua sweta ishirini za mitumba akazificha ndani ya masanduku ya vipimo. Tulipoanza kutetemeka alizigawa kimyakimya, bila kumwambia mtu "niliwaambia". Nimeishi muda mrefu, na wanaoweza kunyamaza namna hiyo nimewahesabu kwa vidole.

Wa tatu ninayetaka mumjue ni Shomari Ndauka, fundi mitambo. Kijana wa miaka thelathini, mcheshi, mikono yake haikosi grisi. Tulipobakiza siku chache kufika, redio ilimletea habari kwamba mkewe Siwema amejifungua mtoto wa kike. Alicheza sitaha nzima. Akanijia.

"Bibi, siku ya saba mimi nitakuwa huku. Nani atamnong'onea mwanangu?"

Jibu lilikuja kesho yake kwa redio, kutoka kwa Siwema mwenyewe: "Mwambieni baba yake mtoto hatapewa jina mpaka yeye arudi. Na arudi mzima."

*

Tulifika tumechelewa, Jumanne ya wiki ileile ya Alhamisi ya kiapo. Palikuwa peupe kila upande, kama mtu amemwaga unga akasahau kuufagia. Mheshimiwa Sangoda akateremka, akasimika bendera kwenye barafu, akatangaza kwamba mlangobahari ule tangu sasa ni sehemu ya nchi yetu, mkoa wa thelathini na moja. Wananchi wa mkoa walikuwapo: pengwini kama mia nane. Walisimama kwa mistari, wamevaa rasmi, wanasikiliza hotuba bila kukohoa. Naibu Waziri aliguswa sana.

"Bibi, katika miaka yangu yote ya hotuba sijapata watu wenye nidhamu kama hawa."

"Labda wana njaa, baba. Mwenye njaa huwa mtulivu."

Tunu hakungoja hotuba. Aliingia mashuani na Shomari, wakaanza kazi. Alikuwa na bildi, ile kamba yenye risasi nzito chini ya kupimia kina cha bahari. Anaitupa, anasikiliza kamba ikikimbia, anaivuta, anaihesabu kwa pima, yaani upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, anaandika. Pima kumi na mbili. Pima tisa. Pima tatu, mwamba. Aliporudi na mchoro wa kwanza, mlangobahari wetu ulionekana kama utumbo wa mbuzi: kona hapa, kona pale, na miamba saba imekaa katikati.

Mheshimiwa Sangoda aliutazama kwa huzuni.

"Tunu, mwanangu. Mlango wa Baba Mlezi unaweza kuwa na kona?"

"Unazo kumi na moja, mheshimiwa."

"Hatuwezi kuunyoosha kidogo? Hapa kwenye karatasi tu."

"Kwenye karatasi unaweza. Meli itakayofuata karatasi itakaa juu ya mwamba."

"Na hiki kina, pima tatu... Hakuna kina chenye heshima zaidi?"

"Heshima iko kwenye ule mwamba, mheshimiwa. Ukiupuuza utakufundisha heshima."

Akacheka kwa aibu, akaahirisha uamuzi hadi kesho. Na hapo ndipo shida yetu ilipoanza. Kesho haikuja.

*

Saa kumi na mbili jioni tuliketi kwenye viti vya plastiki tungoje jua lizame, tuandike kwamba siku ya kwanza imekwisha. Jua likashuka, likafika karibu na ukingo wa barafu, likasita kama mgeni aliyesahau kitu ndani, likaanza kupanda tena. Nikapewa sindano. Nikatia uzi mara ya kwanza tu.

"Bado mchana," Naibu Waziri akatangaza, na karani wa meli akaandika.

Saa tisa usiku nikatia uzi. Alfajiri nikatia uzi. Nahodha wa meli, mzee wa nchi nyingine, alituambia kwa upole kwamba kule, majira yale, jua halizami mpaka miezi ipite. Mheshimiwa Sangoda alimshukuru, akasema atalifikisha ngazi za juu. Akapiga redio.

"Jua halizami?" Katibu Mkuu aliuliza. "Limeharibika?"

"Hapana, mheshimiwa. Ndivyo lilivyo huku. Kwa hiyo siku ya kwanza haijaisha, na bila siku saba hatuwezi kutoa jina."

Redioni tulisikia karatasi zikifunuliwa. Kisha sauti ikarudi, laini kama ya mtu anayembembeleza paka.

"Sangoda. Huko mliko ni nchi yetu?"

"Nimeshasimika bendera."

"Kwa hiyo jua halijazama katika nchi yetu."

"Huku halijazama. Huko nadhani ni..."

"Nchi ni moja, Sangoda. Haiwezi kuwa na siku mbili. Leo ni siku gani?"

"Jumanne, mheshimiwa."

"Ahsante. Umelitumikia taifa."

Waraka ulisomwa redioni siku hiyohiyo, na ninaposema siku hiyohiyo nina maana ya kisheria. Ulisema kwamba, kwa kuwa jua halijazama katika mkoa wa thelathini na moja, ni Jumanne nchini kote mpaka hapo itakapotangazwa vinginevyo. Baba Mlezi alihutubia taifa. Alisema yeye ni mtu wa ahadi, Alhamisi ikifika ataondoka bila kugeuka nyuma. "Lakini," akasema, "siwezi kuisukuma Alhamisi kwa mikono."

*

Jumanne ile ilidumu saa mia nne na kitu kwa saa ya nahodha. Tulizisikia habari za nyumbani redioni. Waokaji waliendelea kuuza mkate wa leo, na ulipoota ukungu ulikuwa bado wa leo. Mahakama zilizoahirisha kesi hadi kesho zilifunga milango. Watu walilala gizani usingizi wa mchana, na walioonekana wakipiga miayo sana walikumbushwa kwamba ni saa za kazi. Walinzi wa usiku walirudishwa makwao kwa kukosa usiku. Walinzi wa mchana walibaki malindoni bila wa kuwapokea, mpaka akina mama wa mitaani wakaanza kuwapelekea uji na kuwashikia rungu wapate kusinzia. Nililipenda sana jambo hilo. Na watoto waliozaliwa wiki ile walikaa bila majina, kwa kuwa siku ya saba ilikuwa mbali. Waliitwa "wewe", wakaitika.

Sisi tuliamriwa tubaki palepale. Siyo kwa ajili ya jina tena. Tulikuwa walinzi wa jua. Kila baada ya saa sita nilitia uzi, Naibu Waziri akapiga redio, "Bado mchana," na Katibu Mkuu akajibu, "Vizuri sana, mwambieni bibi akaze."

Tunu hakujali. Aliendelea kutupa bildi yake, maana alisema meli zitapita pale hata baada yetu, na baharia hana haja ya kujua nani alikuwa Ikulu mwamba ulipompasua.

Saa ya mia tatu ndipo mashua yao ilipokwama. Barafu mbili zilikuwa zinasogeleana, na kamba ya bildi ilikuwa imenaswa kwenye propela. Kukata kamba hawakuweza, kisu kiliteleza. Shomari alivua glavu akaingiza mkono wa kushoto katika maji yale, akakaa nao humo mpaka akaifungua kamba kwa vidole. Walitoka. Barafu zikafungana nyuma yao kwa kishindo. Shomari alicheka, akasema maji yale yanafaa kwa soda. Alipofika melini alikuwa hawezi kushika kijiko.

Baada ya muda vidole viwili viligeuka vyeusi. Kisha homa ikaja. Tulifungua sanduku la dawa la msafara. Kwa kuwa orodha ilikuwa ya visima, ndani mlikuwa na dawa ya kutibu maji.

Nahodha alimwangalia, akatuita kando. "Bandari yenye daktari ni safari ya siku nne. Tukiondoka sasa, atapoteza vidole. Tukichelewa siku mbili, mkono. Tukichelewa zaidi..." Akatuonyesha barafu kwa kidole. Akaongeza tu: "Na barafu inafunga. Njia ya kutokea ni ile aliyopima binti huyu, nayo inazidi kuwa nyembamba."

Tunu akamgeukia Naibu Waziri. "Mheshimiwa, tuondoke."

"Nimeomba ruhusa mara tatu."

"Wamesemaje?"

"Wamesema msafara utaondoka baada ya jina kutolewa. Jina litatolewa siku ya saba. Na siku ya kwanza isiishe."

"Basi mtu afe kwa sababu ni Jumanne?"

Mheshimiwa Sangoda akamwomba radhi. Sikumchukia. Alikuwa na mke, mama mkwe, na nyumba ya serikali. Na nilikuwa nimemwona, wakati alipodhani nimelala, akivua soksi zake za sufi na kumvisha Shomari mkononi, moja juu ya nyingine, akimwomba radhi kila alipomgusa. Yeye mwenyewe alikuwa akitembea na mifuko ya plastiki ndani ya viatu.

Tunu alikuja kuketi kando yangu.

"Bibi. Wewe ndiye mwenye sindano."

"Najua, mjukuu wangu."

"Ukishindwa mara moja tu..."

"Nikijifanya nimeshindwa, mkono utanitetemeka kwa uongo, na wataona. Mimi uongo haujanikaa mwilini. Niliwahi kumdanganya marehemu babu yenu kwamba sikula kipande cha mwisho cha samaki, akanicheka miaka arobaini."

Hakunilaumu. Alinifunika mabega kwa sweta yake. Usiku ule, yaani mchana ule, nilikaa kwa Shomari nikamfuta jasho. Alikuwa akiweweseka.

"Bibi, umri wake ni siku ngapi sasa?"

"Kisheria, baba, hajafikisha saba."

"Basi sijachelewa," akasema, akatabasamu.

*

Kipimo kilichofuata, wote tulisimama sitahani. Jua lilikuwa linawaka hasa. Mheshimiwa Sangoda alikuja na karatasi mkononi, upara wake unang'aa, midomo imemkauka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Sijaamka, Bibi, ni Jumanne. Naomba uniazime miwani yako. Kuna waraka hapa una maandishi madogo."

Nilishangaa. Mtu yule alikuwa na macho ya mwewe, angeweza kusoma jina la Baba Mlezi kwenye kisima cha ng'ambo ya mto. Lakini mtu akikuomba miwani humnyimi. Nikamvulia. Akaivaa, akayumba kidogo, maana kwake dunia ilikuwa imekuwa ukungu. Akaishika karatasi mbele ya uso. Kutoka pale nilipokuwa niliona ilikuwa juu chini.

"Nasoma," akasema. "Waraka ni mrefu. Wakati huohuo, Bibi, muda wa kipimo umefika. Tia uzi."

Nilitia. Wallahi nilijaribu kwa uaminifu wote. Nilisogeza sindano puani, nikaipeleka mbali, nikalamba uzi, nikaunyoosha, nikaupeleka mahali nilipodhani tundu lipo. Nilikuwa naishona hewa.

"Umeona tundu, Bibi?"

"Sijaona tundu, baba. Sindano yenyewe naiona mbili."

Naibu Waziri akasimama wima kama siku ya gwaride. Jua lilikuwa limempiga usoni mpaka machozi yanamtoka chini ya miwani yangu.

"Jua limezama," akasema.

Baharia mmoja akaangua kicheko.

"Kimya!" Mheshimiwa Sangoda akasema. "Ni usiku. Watu wamelala."

Tukanyamaza tukauheshimu usiku, muda wa kumeza mate mara tatu. Kisha akanirudishia miwani. Nikatia uzi mara moja.

"Kumekucha Jumatano," akatangaza. "Karani, andika. Bibi, samahani, nilikuwa sijamaliza waraka. Miwani."

Siku ya pili haikuchukua hata dakika moja. Karani wa redio alikuwa akituma kila tangazo nyumbani palepale, kama alivyoagizwa tangu mwanzo, na redio ya taifa ikiyasoma kama yalivyokuja, kama ilivyoagizwa nayo. Jua la tatu, la Alhamisi, lilipozama, Katibu Mkuu aliingia redioni kwa kishindo.

"Sangoda! Nani amekuruhusu kuzamisha jua?"

"Mheshimiwa, bibi ameshindwa kutia uzi. Kifungu cha kumi."

"Mpe miwani mama huyo!"

"Kifungu hakitaji miwani, mheshimiwa. Ninaisomea waraka wenu."

"Waraka gani? Sangoda, unajua unachofanya? Unamtia Baba Mlezi usiku!"

Naibu Waziri aliishikilia karatasi kwa mikono miwili. Tunu akaja akamshika kiwiko, kama unavyomshika mtu anayevuka mto. Naye akageuka upande wangu, kumradhi, kidogo pembeni yangu, maana hakuwa akiona vizuri.

"Bibi," akasema, "tumefika Ijumaa. Tafadhali tia uzi."

*

Siku saba ziliisha kabla maharage ya mpishi hayajaiva. Tukatoa jina kwa haraka lakini kwa adabu. Sikio la mlangobahari, kamati ya msafara ilikuwa imeshaamua, ni lile tundu la barafu ambamo sili, yule mnyama wa bahari, hutoa pua kuvuta pumzi. Nikapiga magoti, nikanong'ona. Nilichonong'ona ni kati ya bibi na mtoto. Kisha Mheshimiwa Sangoda akalitangaza jina rasmi kwa kipaza sauti: Mlangobahari wa Baba Mlezi Mtukufu Asiyeongeza Hata Siku Moja. Pengwini walilipokea kwa utulivu.

Tunu alimletea ramani aitie saini. Jina halikuenea. Lilijaa mlangobahari wote, likapanda kisiwani, likaishia baharini.

"Unaweza kufuta miamba miwili hapa, jina lipate nafasi," karani akashauri.

Mheshimiwa Sangoda aliinamia ramani, safari hii bila miwani. Alipitisha kidole kwenye kila kona, polepole, kona zote kumi na moja.

"Jina liandikwe pembeni, herufi ndogo," akasema. "Miamba na kona ziacheni. Ni za mlangobahari wenyewe."

Akatia saini. Nahodha akang'oa nanga palepale. Tulipita katikati ya barafu kwa kuifuata ramani ile, wino haujakauka, Tunu amesimama mbele akisoma, "Kushoto, pima tisa. Polepole. Kulia, mwamba." Chini, Shomari alikuwa ameshika mkono wangu kwa mkono wake mzima. Siku ya nne tukaona taa za bandari. Daktari, mama mmoja mwenye sauti nzito, alikata vidole viwili. Mkono ukabaki. Shomari naye akabaki.

*

Mengine niliyakuta nyumbani. Walisema saa ile ya majua saba ilikuwa adhuhuri ya joto kali. Redio ikasema ni usiku, watu wakalala. Ikasema kumekucha, wakaamka. Raia watiifu. Muhula wa Baba Mlezi uliisha Alhamisi kama alivyoapa. Uchaguzi ulikuwa Jumapili, na Jumapili ilidumu dakika sita. Viongozi walikuwa mezani wanakula. Waliopiga kura ni wale waliokuwa tayari wamesimama kwenye foleni: ya maji, ya dawa, na ya kusubiri vitambulisho. Alichaguliwa mwalimu wa hesabu ambaye kila mara alikuwa akipata kura mbili, yake na ya mkewe. Ikulu ilikwenda mahakamani. Mahakama ikajibu kwamba siku hutangazwa na mkoa wa thelathini na moja, kwa mujibu wa waraka wa Ikulu yenyewe.

Barua ya kumfukuza kazi Mheshimiwa Sangoda ilisainiwa na Katibu Mkuu katika zile dakika za Jumamosi, kabla ya uchaguzi, kwa hiyo ilikuwa halali. Nyumba ya serikali ikaondoka, mama mkwe akabaki. Siku chache baadaye alikuja kwenye lango la wodi, akasimama mbali, akaomba radhi kwa ndoo yangu, akauliza kama nahitaji mtu wa kusukuma unga. Anasukuma vizuri. Duara zake zina kona, lakini maandazi ni maandazi.

Asubuhi moja Shomari na Siwema walikuja, wamemfunika mtoto kwa kanga mpya. Alikuwa na miezi miwili na ushei, anaitwa bado "wewe".

"Shikamoo, Bibi. Shikamoo, mheshimiwa," Shomari akasema. "Tumekuja kwa jina."

"Mimi si mheshimiwa tena, mwanangu," akajibu, unga umemjaa hadi kwenye nyusi.

"Bibi atanong'ona," Siwema akasema. "Lakini jina tunataka ulitoe wewe. Tumekubaliana wawili."

Yule mtu akaacha kusukuma. Alikuwa amevipa majina vitu elfu kumi na moja katika maisha yake. Madaraja, visima, mitaa, mlango wa bahari. Na katika vyote hivyo alikuwa hajajifunza jina zaidi ya moja. Jasho likamtoka. Alinitazama, nami nikatazama mafuta yangu, maana kuna mambo mtu huachiwa mwenyewe.

Akaenda bombani. Akanawa mikono, akaisugua hadi kwenye viwiko, akaifuta vizuri kwa shati lake. Akarudi akanyoosha mikono yote miwili.

"Mleteni," akasema. "Ngojeni kwanza nimwangalie."